Je, Wajua? Bangili ya Fedha Iliyoweka Rekodi

Wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, ndiko ulikoanzia mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa wa dhahabu Tanzania: Golden Pride wa Lusu, mwaka 1998. Lakini je, wajua kuwa pambo lililoweka rekodi ya bei kwa vito vya wanamuziki wa roki halikuwa la dhahabu?

Ni bangili ya fedha yenye umbo la nyoka aliyejiviringisha, mali ya Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946. Aliivaa katika video ya “Bohemian Rhapsody” mwaka 1975. Septemba 2023, kwenye mnada wa Sotheby's jijini London, ilikadiriwa kufika pauni 9,000 tu. Ikanunuliwa kwa pauni 698,500!

Uzito wa madini haukupandisha bei hiyo. Jina la mvaaji ndilo lililoipandisha. Sonara wa Nzega, ukimtengenezea msanii pete au mkufu, gonga alama yako, piga picha na utunze risiti. Ushahidi huo ni sehemu ya thamani ya kazi yako.