Karoseri ya zamani juu ya shasi ya kisasa: gari linabaki lipi?

Sisi wa agronomia tunajua kupandikiza. Unachukua kijiti cha avoka Hass, unakifunga juu ya mche wa avoka ya kienyeji, na mti ukikua watu wote wanauita Hass. Mizizi haina jina. Kwenye magari, kumbe, iko kinyume: sheria inaita gari kwa jina la mizizi. Hilo njo jambo nataka tuongee leo, juu kuna pesa za wakulima ndani yake.

Koperative moja ninayoifuata upande wa Walungu iko na Land Rover ya zamani, ile ya 109. Karoseri yake bado inasimama vizuri, lakini shasi imeliwa na kutu mpaka ukiigonga na nyundo inatoa sauti ya debe bovu. Fundi mmoja akawapendekezea hivi: tutoe karoseri, tuikalishe juu ya shasi ya Discovery ya miaka ya 90, na moteri yake, na ponti zake, na freni zake. Wanachama wameanza kuchanga. Mimi wameniuliza kwa sababu moja tu: nimesoma. Mnajua vile inaendaga kijijini, ukiwa na licence unaulizwa hata mambo ya meno.

Kwanza tuelewane juu ya shasi. Magari mengi tunayopanda kila siku, RAV4, Probox, hayana shasi ya peke yake. Karoseri yenyewe njo mifupa. Ukiitoa hakuna kinachobaki. Lakini Land Rover ya zamani, Land Cruiser za kazi na pick-up nyingi zimejengwa kwa vipande viwili: chini kuna ngazi ya chuma inayobeba moteri, ponti na resori, na juu kuna karoseri iliyofungwa na buloni. Ukifungua buloni, ukatoa nyaya, volani na mipira ya freni, watu wenye nguvu wanaweza kuinua karoseri vipande kwa vipande. Ndiyo sababu kazi hii inawezekana.

Na siyo uzushi wa garaji zetu. Land Rover yenyewe ilizaliwa hivyo. Mwaka wa 1947 kampuni ya Rover huko Uingereza ilijenga gari la kwanza la majaribio juu ya shasi ya Jeep, na volani ikawekwa katikati, kama kwenye trakta. Gari lilionyeshwa kwa watu Amsterdam mwaka wa 1948, na lililengwa kwa wakulima. Chuma kilikuwa haba kisha vita, basi karoseri wakaitengeneza kwa aluminiamu. Angalia matokeo yake: miaka 60 baadaye karoseri iko hai, shasi ya chuma imekufa. Ugonjwa wa gari la Walungu ulianzia kwenye uhaba wa chuma wa Uingereza.

Kiwanda kiliendelea na mchezo huohuo. Range Rover ya 1970 ilikuja na resori za kuzunguka na freni za diski kwenye magurudumu yote manne. Mwaka wa 1983 wakatoa 110: sura ni ya Land Rover ileile ya zamani, lakini chini yake kuna resori za aina ya Range Rover. Na Discovery ya 1989 ilikalishwa juu ya shasi ya Range Rover. Kwa hiyo fundi akisema «hata wazungu wanafanyaga», hadanganyi. Shida iko kwenye vipimo.

Majina 88, 109, 110 ni umbali kwa inchi kati ya ponti ya mbele na ponti ya nyuma. Discovery ile ya kwanza iko 100. Ukiweka karoseri ya 109 juu ya 100, inchi 9 zinabaki bila mahali, karibu sentimita 23. Gurudumu la nyuma halitaangukia kwenye shimo lake. Uko na njia mbili: kukata kitanda cha nyuma, ao kurefusha shasi. Huko Uingereza watu wengi wanaojenga magari ya aina hii wanachagua kugusa karoseri na kuacha shasi nzima, na mimi niko upande wao. Aluminiamu ikikatwa vibaya utaona sura mbaya. Shasi ikisudiwa vibaya utaiona siku moja kwenye mteremko wa Ngomo, ikiwa na watu juu ya magunia. Kama lazima mtu akate shasi, asiikate wima kama mkate. Mkato unaendaga kwa mshazari, na kipande cha chuma kinatiwa ndani kabla ya kusude. Halafu kardani nayo inakatwa na kusawazishwa, kama sivyo gari litatetemeka mpaka meno yaume.

Kuna na upana. Ponti za Discovery ni pana kuliko za ile ya zamani kwa karibu sentimita 18. Magurudumu yatatoka inje sentimita 9 kila upande na kurushia matope kila mtu, mpaka uongeze mabawa.

Sasa volani. Hapa kwetu hili njo linasahaulika zaidi. Discovery nyingi zinazofika Bukavu zimepitia Uganda ao Tanzania, volani iko kuume. Land Rover ya koperative ni ya volani ya kushoto. Boksi ya volani imefungwa kwenye shasi, siyo kwenye karoseri. Kwa hiyo huwezi kusema «tutageuza tu». Ni kuhamisha boksi, vyuma vinavyovuta magurudumu, pedali na pompe ya freni. Mimi niliuliza fundi kama ameyahesabia hayo ndani ya bei. Akacheka.

Faida, tusizikatae. Moteri ya dizeli ya zamani, lita 2.25, ilikuwa na nguvu ya farasi kama 62. Ile 200Tdi ya Discovery iko na 111. Freni za ngoma zikiingia maji zinakufa mpaka zikauke. Diski zinapona haraka. Kwa barabara zetu za mvua hiyo siyo pambo. Lakini Discovery ilijengwa kubeba familia, na resori zake ni laini. Magunia ya viazi yatazikalisha chini. Kwa hiyo maoni yangu kwa kamati yalikuwa haya: kama mnataka kupandikiza, tafuteni shasi ya 110. Tofauti ni inchi moja tu, na ilijengwa kwa mzigo. Bei yake iko juu, ndiyo. Na mahali popote aluminiamu inapogusana na chuma, muweke kipande cha mpira katikati, juu vitu hivyo viwili vikilowa pamoja aluminiamu inageuka unga mweupe.

Turudi kwenye jina. Huko Uingereza, kwa miaka mingi gari lililobadilishwa lilihesabiwa kwa pointi: shasi 5, resori na amortiseri 2, ponti 2, boiti ya vitesi 2, volani 2, moteri 1. Ili gari libaki na namba yake ya zamani lilihitaji pointi 8, na shasi ama iwe ya asili ama mpya ya aina ileile, bila kukatwa. Tafuteni karoseri kwenye hesabu hiyo. Haimo. Ukihamisha kila kitu cha Discovery chini ya sura ya mwaka 1965, mbele ya sheria hiyo ulikuwa na Discovery iliyovaa koti ya babu. Na ukikata shasi yenyewe, ulikuwa unapoteza majina yote mawili. Gari lilikuwa linapimwa upya na kupewa plaki inayoanza na Q, ya magari yasiyo na asili inayojulikana.

Kwetu carte rose nayo inabeba namba ya shasi. Polisi akiinama kusoma namba chini, halafu akakuta karatasi inasema Land Rover 109, hutamweleza habari za avoka. Watu wengine wanakata kile kipande cha chuma chenye namba na kukisudia kwenye shasi mpya. Hiyo siyo ufundi tena, inaitwa kughushi, na anayefungwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye karatasi. Kwa koperative, ni président wao, mama mmoja wa miaka 58 ambaye hajawahi kushika volani.

Basi nilienda kumuona mwenye kuuza ile Discovery, nikamuomba carte rose. Akaniambia iko Kampala. Shasi iko Bukavu.