Bibi anakwenda Marekani kulea mjukuu: Akatiwe bima ya safari au aende hivyo hivyo?

Binti amejifungua Houston, au yuko mbioni kujifungua, na mama yake wa Morogoro au Tanga anatakiwa kwenda kumsaidia. Ataogesha mtoto, atamkanda mzazi kwa maji ya moto, atapika mtori, na baba wa mtoto atapata nafasi ya kurudi kazini. Ndugu wamechanga nauli, viza imetoka, vitenge vimeshapangwa kwenye begi. Jambo ambalo hukumbukwa mwisho, na mara nyingi halikumbukwi kabisa, ni bima ya safari.

Likitajwa kwenye kundi la familia, mjadala huwa mfupi. Mmoja atasema hiyo ni hela ya bure, mama ni mzima. Mwingine atasema tusimchurie mama wa watu, ya nini kuzungumzia hospitali kabla hajapanda ndege? Mazungumzo huishia hapo, na mama anaondoka. Lakini hili ni jambo la fedha za familia nzima, na linastahili kukaa chini na kuhesabu.

Anza na sheria ya mnakokwenda

Kuna safari ambazo hamna haja ya kubishana. Mtu anayeomba viza ya muda mfupi kwenda Ujerumani, Ufaransa, Italia au nchi nyingine yoyote kati ya 29 za eneo la Schengen lazima aonyeshe bima. Inatakiwa ifike angalau euro 30,000, ifanye kazi katika nchi zote za eneo hilo kwa siku zote za safari, na igharimie matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani akiwa mgonjwa au amefariki. Bila hiyo, viza hakuna.

Uingereza haimlazimishi mgeni kuwa na bima, na hapo ndipo wengi hudanganyika kwa kusikia kwamba hospitali za kule ni za bure. Ni bure kwa wakazi. Mgeni wa matembezi kutoka Tanzania au Kenya akipokewa kwenye kitengo cha dharura hatalipishwa huduma ya pale, lakini akishalazwa wodini hesabu inaanza, na huko England mgeni hutozwa asilimia 150 ya bei ya kawaida ya huduma hiyo.

Kwa anayekwenda India kutibiwa, aelewe kwamba bima ya kawaida ya safari hailipii ugonjwa uliompeleka. Italipia akiteleza bafuni akavunjika mkono, lakini upasuaji wa moyo aliopangiwa ni mfuko wake mwenyewe.

Marekani, hiari inayoweza kugharimu nyumba

Marekani nayo haimtaki mwenye viza ya matembezi aonyeshe bima. Tangu mwaka 1986 ipo sheria inayozitaka hospitali zenye vitengo vya dharura kumpima kila anayefika na kumtuliza hali yake, awe na fedha au hana. Kwa hiyo mama hataachwa mlangoni. Bili ndiyo itakayomfuata, na kule bili hazina huruma: gari la wagonjwa lina yake, daktari ana yake, vipimo vina yake. Siku chache za kulazwa zinaweza kufika makumi ya maelfu ya dola.

Ni kweli hospitali nyingi zisizo za kibiashara zina utaratibu wa kuwapunguzia au kuwasamehe wasio na uwezo. Mtu anaweza kuomba, na wengine hukubaliwa. Lakini huo ni msaada wa kuomba baada ya janga, na hakuna anayeweza kuuahidi kabla ya safari.

Swali la kujiuliza basi ni hili: likitokea, nani atalipa? Binti aliyetoka kujifungua, yuko likizo, na bado ana kodi ya nyumba? Kaka aliyebaki Morogoro mwenye duka? Kiwanja cha Kihonda kitauzwa? Familia ikilitaja jibu hilo kwa sauti, mara nyingi uamuzi hujipata wenyewe.

Presha na sukari za mama

Hapa ndipo panapohitaji macho makali. Akina mama wengi wa umri huu wana presha, kisukari, au vyote viwili. Mikataba mingi ya bima ya wageni hailipii ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla ya kukata bima. Ipo mingine inayolipia pale tu ugonjwa wa zamani unapolipuka ghafla, mfano mwenye presha akipata kiharusi. Hiyo nayo huwa na masharti: kikomo cha umri, kikomo cha fedha, na mara nyingi mgonjwa awe amefikishwa kwa daktari ndani ya saa 24.

Kwa hiyo usiulize tu "bima ni shilingi ngapi?" Uliza kama presha ya mama imo na kwa masharti gani. Uliza kikomo cha malipo kwa umri wake, maana kampuni nyingi hupunguza kiwango mtu akizidi miaka 70. Uliza ni kiasi gani cha kwanza mtakachotoa mfukoni kabla kampuni haijaanza kulipa. Uliza kama hospitali italipwa moja kwa moja au mtalipa ninyi kwanza kisha mdai. Uliza pia kama kusafirisha mwili kumo, na hadi kiasi gani. Ni swali zito, lakini Watanzania wa ughaibuni wanajua michango ya kurudisha mwili nyumbani inavyohangaisha jamii nzima.

Na kwenye fomu, semeni ukweli. Wazazi wetu wana tabia ya kusema "mimi mzima" ili safari isiahirishwe, huku vidonge vikiwa kwenye pochi. Kampuni ikigundua baadaye kwenye mafaili ya daktari kwamba ugonjwa ulifichwa, ina haki ya kukataa kulipa, na fedha mliyotoa inakuwa imepotea. Mwana mmoja akae na mama faraghani, si mbele ya wakwe, amwulize kwa upole anatumia dawa gani. Dawa hizo zibebwe za kutosha siku zote za kukaa, kwenye begi la mkononi, pamoja na barua ya daktari.

Kama bei inashinda uwezo

Bima ya mtu mzima huwa ghali kuliko ya kijana, na huhesabiwa kwa siku. Mama akikaa miezi mitatu badala ya sita, gharama inaweza kushuka karibu nusu. Mkibanwa, punguzeni siku kabla ya kupunguza kiwango cha ulinzi. Pia achaneni na nyongeza za kulipia begi lililopotea au ndege iliyochelewa kama hamzihitaji. Begi likipotea mtanuna, lakini mtaendelea kuishi. Fedha ielekezwe kwenye hospitali, ambako hasara inaweza kuiangusha familia.

Nunueni kwa kampuni au wakala mwenye leseni, na kwa hapa Tanzania msimamizi ni TIRA. Mkataba upitiwe na mtu anayeielewa lugha yake. Kama viza bado haijatoka, ulizeni kwanza mtarudishiwa nini ikikataliwa. Na kwa familia ya Kiislamu inayosita kwa sababu ya dini, ulizeni kama kuna takafuli.

Kijana mwenye afya anayekwenda nchi jirani kwa wiki moja anaweza kupima na kuamua kuacha. Lakini mama wa miaka 66 mwenye presha anayekwenda Marekani miezi kadhaa asiende bila bima, hata kama itabidi safari isogezwe mwezi mmoja mchango utimie. Namba ya dharura ya kampuni iandikwe kwenye karatasi, nakala moja ikae kwenye pochi ya mama, nyingine ibandikwe kwenye friji ya binti.

Akirudi salama bila kuitumia, msiseme hela imeliwa. Mama karudi na picha za mjukuu, na kiwanja bado ni chenu.