Fataki za Bonane: nani anatoa ruhusa?



Bonane iliyopita nilikuwa kwa mama mkubwa, hapa Baraka. Saa sita za usiku vijana wa avenue yetu wakawasha petardi. Pa! pa! pa! Sisi tukacheka. Kumbe mama mkubwa alikuwa amekwisha kuvuta wajukuu wawili chini ya kitanda. Alitoka huko kiisha nusu saa, na sombe yake hakuigusa tena.

Kesho yake vijana wakaniuliza: "Wewe ulisoma droit, sheria inayotukataza iko wapi?"

Wengi wanatafutaga sheria moja yenye neno fataki. Mimi naanzia kwingine: nani analinda usalama pale ulipo? Sheria ya 7 Oktoba 2008, ile ya miji, komine na sekta, inampa meya kazi ya kulinda utulivu mjini, na anaweza kuita polisi. Basi Baraka unaona meya. Ukitoka mjini, iwe Mutambala, Tanganyika, Ngandja ao Lulenge, unaona shefu wa sekta, na msimamizi wa teritware ya Fizi. Wakitoa katazo, linakufunga hata kama petardi zimejaa sokoni. Kuuzwa dukani si ruhusa ya kuwasha. Hapo ndipo tunakoseaga.

Halafu kuna Katiba, kifungu cha 26: anayepanga manifestation barabarani ao uwanjani lazima amwarifu mkubwa wa serikali kwa maandishi. Kuarifu, si kuomba. Lakini barua inayotaja muziki na kunyamazia fataki haitakusaidia siku mambo yakiharibika.

Na bila katazo lolote, Code pénal iko. Vifungu vya 52 hadi 54 vinamshika mtu aliyeumiza mwingine bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu tu: siku 8 hadi mwaka 1 wa gereza, mtu akikufa, miezi 3 hadi miaka 2. Fataki ikiangukia nyumba ya nyasi, kifungu cha 258 cha Code civil, kitabu cha 3, kinasema aliyeharibu alipe. Utalipa na nini, wewe ambaye diplome ingali kwenye bahasha?

Hatari si moto peke yake. Kampala, usiku wa 31 Desemba 2022, watu walisongamana kwenye njia nyembamba ya Freedom City wakikimbilia kuona fataki. Watu wasiopungua 9 walikufa, wengi vijana na watoto.

Kwetu kuna na ule mlio. Mauaji ya Makobola yalianza 30 Desemba 1998, yakaingia mwaka mpya. Tarehe 1 Januari 2011 wanajeshi waliwashambulia raia na kubaka wanawake kule Fizi. Mwezi wa pili mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa hapa Baraka, ikampa luteni-kanali wao miaka 20. Mtu aliyepitia hayo, akisikia pa! usiku wa Bonane, hangoji kuuliza kama ni risasi ao petardi. Na askari wa doria naye, gizani, atajuaje?

Mwaka huu vijana wameniomba niwaandikie barua kwa meya. Nimeweka saa, uwanja, jina la kiongozi wao, na kwamba nyumba zote za avenue zitaarifiwa siku 3 mbele. Wamekubali, ila wamenuna kidogo juu ya uwanja.

Mama mkubwa ameshasema usiku ule atalala kwa dada yake, Mboko.