Mungazi wenye kupigwa na mupepo: tusiukate mbio

Kutoka mwezi wa 10 mpaka mwezi wa 4, sisi wa Kisenge tunaishi na mvula za mupepo mukali. Mabati yanaruka, na mingazi ya ku parcelle inabaki na majani yenye kuvunjika, mingine inainama. Asubuhi yake, mwenye parcelle anatafuta shoka. Tunamuomba angojee kidogo: mungazi mupya unaomba miaka 3 ao 4 mbele ya kuzaa, na wakati ule wote mafuta ya ngazi ya chakula na ya sabuni tutanunua ku soko.

Mungazi hauko sawa muembe. Muembe ukivunjika tawi, unatosha lingine. Mungazi uko na moyo mumoja tu, juu kabisa, katikati ya majani. Basi kwanza tuangalie moyo. Kama jani jipya lenye kusimama sawa mukuki lingali na nguvu, muti ungali muzima. Kama tukivuta kidogo linatoka, na chini linanuka, moyo umeoza: apo shoka iko na haki.

Pili, tukate paka majani yenye kukauka. Jani la kijani, hata limevunjika nusu, lingali linalisha muti. Mungazi mukubwa unatosha majani karibu 2 kila mwezi. Yale mapya yatajaza nafasi polepole.

Tatu, mungazi mudogo wenye kuinama tuuinue wakati udongo ungali na maji. Tufunike mizizi, tukanyage udongo, tutegemeze na miti 3, na gunia kati ya kamba na shina. Tusipige misumari: kidonda cha mungazi hakijifunge, na kidudu cheusi chenye pua ndefu kinakuja kutaga mayai pale. Watoto wake ndio mposé: tamu ku sahani, lakini ndani ya moyo wanaua muti.

Lakini ule mukubwa wenye kulalia nyumba, tusidanganyane: tuutoshe mbele ya mvula ingine.

Kisha tungojee. Ngazi zinaweza kupunguka mwaka mumoja ao miwili. Kungojea tunajua: tangu 1975, wakati vita ya Angola ilifunga njia ya treni ya Lobito, manganezi yetu ilikosa njia. Mungazi, wao, hauombi treni. Unaomba paka tuuachie majani yake.