Matuta ya Usukuma: Kwa Nini Ushauri Mzuri Ulikataliwa?

Kusini ya mji wa Mwanza, katika wilaya ya Misungwi, kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru. Herufi "UK" katika majina ya mbegu nyingi za pamba za Kanda ya Ziwa zinatokana na jina hilo. Katika kituo hicho, kabla ya Uhuru, ilichunguzwa pia njia ya kuhifadhi maji ya mvua shambani. Kisa cha njia hiyo kinamfaa kila mwanafunzi anayekusudia kusomea huduma za ugani na mawasiliano ya kilimo.

Sayansi ya matuta

Mashamba mengi ya Usukuma yaliyo kwenye miteremko yana udongo wa kichanga uitwao luseni. Mvua kubwa inyeshapo, maji hutiririka hadi mbugani yakichukua udongo wenye rutuba. Watafiti walishauri kwamba mkulima alime matuta yanayokingama mteremko, kisha ayaunganishe kwa vijituta vifupi, hata shamba liwe na vidimbwi vingi. Maji hutuama humo na kuzama ardhini polepole. Mvua ikikatika, mmea huendelea kuyatumia.

Amri badala ya elimu

Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Chini ya mpango huo, matuta na upunguzaji wa mifugo vilitekelezwa kwa nguvu ya sheria. Watu walichukia, na amri hizo zikalegezwa hata kabla ya Uhuru wa mwaka 1961.

Je, wakulima walikuwa wajinga? La. Kuunganisha matuta kwa jembe la mkono ni kazi nzito, nayo huangukia majuma yale yale ya kupanda chakula. Tena, katika mwaka wa mvua nyingi, maji yaliyotuama huinyima mizizi hewa. Hoja zao zilikuwa za kweli, lakini amri haina masikio.

Taaluma ya ugani

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, hufundisha ugani kama taaluma kamili. Anayeisomea hana budi kujua udongo, mimea na wadudu. Lakini pia jinsi watu wazima wanavyojifunza, na jinsi habari inavyosafiri kijijini. Mwaka 1943, Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha uchunguzi wao juu ya wakulima wa Iowa, Marekani, na mbegu chotara za mahindi. Wengi walipata habari kwa wauzaji wa mbegu, lakini waliosadikisha walikuwa majirani.

Funzo hilo lahitajika leo kando ya Ziwa Viktoria. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia huozesha muhogo chini ya ardhi, ilhali shina na majani huweza kuonekana mazima. Mkulima huendelea kuwagawia jirani zake vipando vyenye virusi, naye hana nia mbaya. Bwana shamba akisema tu "ng'oeni", anataka watu wang'oe chakula wanachokiona kizima. Akiung'oa muhogo mmoja na kuukata mbele yao, wataona kwa macho yao wenyewe.

Zoezi kwa wanafunzi

Chagueni shauri moja la kilimo lisilofuatwa kijijini kwenu. Waulizeni wakulima watano sababu, kila mmoja peke yake, bila kubishana naye. Kisha jadilini darasani: ni lipi lahitaji kubadilishwa, mkulima au shauri lenyewe?