RUPIA YA MJERUMANI: USIUZIWE BOMU!

Wadau, ukizunguka Bagamoyo siku mbili tatu unaweza kunong'onezwa: "Braza, nina rupia ya Mjerumani, kuna mzungu anaitafuta kwa mamilioni." Kaa chonjo! Mchezo huu huchezwa na watu wawili. Mmoja anakuuzia, mwenzake ndiye huyo "mnunuzi" anayekupigia simu kukuhakikishia dili. Ukishatoa mkwanja, wote hawapatikani.

Lakini sarafu zenyewe zipo kweli. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, na kampuni yao ilianza kutoa pesa za shaba na rupia za fedha mwaka 1890. Rupia moja ilikuwa sawa na pesa 64. Mwaka 1904 zikaingia heller, 100 kwa rupia moja. Basi kabla hujatoa hata senti, pima hivi:

1. MAANDISHI. Rupia za 1890 hadi 1902 zina jina la kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Kuanzia 1904 ni Deutsch Ostafrika tu, na kuna herufi ndogo A (Berlin) au J (Hamburg). Jina la kampuni kwenye rupia ya 1910? Feki hiyo.

2. MWAKA. Rupia za fedha ziliishia 1914. Ukionyeshwa ya 1916, mrudishie mwenyewe.

3. SUMAKU. Fedha, shaba na dhahabu hazinasi kwenye sumaku. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi.

4. MIZANI. Nenda kwa sonara. Rupia ya fedha ina gramu 11.66 ikiwa mpya. Iliyotumika sana hupungua kidogo, lakini haiwezi kuwa na gramu 8.

5. UKINGO. Sarafu halali iligongwa kwa mashine. Ukiona mstari wa kiungo pembeni, au vitundu vidogo kama vya uji uliochemka, hiyo imemiminwa kwenye kalibu.

Sasa ile ya dhahabu yenye tembo, ndiyo inayoliza wengi. Ni ya rupia 15, ilitengenezwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, kwa dhahabu ya Sekenke, na ina herufi T. Zilitoka kama 16,000 tu. Uzito wake ni karibu gramu 7.2. Ya shaba nyeupe au njano yenye ukubwa huohuo haifiki hata gramu 5, kwa hiyo mizani haidanganyi.

Ukiambiwa rupia inavuta mchele au inazima kiberiti, ondoka haraka. Ukiambiwa imechimbwa kwenye magofu ya Kaole, ondoka haraka zaidi: kuchimba huko bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

La mwisho, ukongwe si bei. Heller za shaba zilitengenezwa kwa mamilioni, na hata ikiwa halali hainunui bodaboda. Kama bibi amekuachia moja, usiisugue kwa mchanga wala ndimu, maana wakusanyaji hawataki iliyosuguliwa.

Hapo ulipo kwenye kompyuta, tafuta picha za sarafu hizo ulinganishe herufi kwa herufi. Muuzaji akikataa usiipime, jibu umeshapata.

Kuna aliyewahi kulizwa? Tupia maoni hapo chini uwaokoe wenzio.