Fahamu: Sumu ya wadudu inavyoua, atropini inavyookoa

Kuanzia mashamba ya mahindi ya Handeni hadi skimu ya mpunga ya Mombo wilayani Korogwe, bomba la kupulizia dawa ni kifaa cha kawaida. Baadhi ya dawa za wadudu, kama klopirifosi na profenofosi, ni za jamii ya oganofosfeti. Hizo hushambulia neva zinazoendesha moyo, mapafu na utumbo bila sisi kuziamuru.

Nini hutokea?
Neva hizo hutuma ujumbe kwa kemikali iitwayo asetilikolini, kisha kimeng'enya huivunja. Sumu hukizuia kimeng'enya, kemikali ikarundikana. Mgonjwa hutokwa mate na jasho, hutapika, mboni husinyaa, kifua hujaa majimaji.

Atropini hufanya nini?
Dawa hii ya tiba hukalia vipokezi vya asetilikolini, ujumbe usipite. Daktari huongeza dozi ya sindano mpaka kifua kikauke na mapigo ya moyo yapande. Haitibu udhaifu wa misuli unaoletwa na sumu hiyo, hivyo wengine huhitaji mashine ya kupumulia.

Ufanye nini?
Vaa glovu, mvue mgonjwa nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Usimtapishe. Mkimbize hospitali, na ubebe chupa ya dawa ya wadudu.